Ile fomu ya mabati mnakuja kuprinti haiko

Nianze na jibu kabla hamjachoka kusoma: haiko. Hakuna fomu ya serikali ya Kenya ambayo wewe mwananchi wa kawaida unajaza, unaweka kopi ya kitambulisho, unapeleka mahali, halafu unangoja pesa ya kurudisha paa lililong'olewa na upepo. Naandika hii kwa sababu kila mvua ya mwezi wa tatu na wa nne ikianza huku Lugari, kaunti ya Kakamega, watu wanaingia kwa saiba yangu hapa Kipkarren River wakiitafuta, wengine wamelipa boda kutoka mbali, na nimechoka kumwambia mmoja mmoja. Juzi mzee fulani ameingia koti likichuruzika maji akaniambia, "Kijana, nitolee ile fomu ya upepo." Nikamuuliza, mzee, fomu ya upepo ni gani tena? "Ile serikali inalipa nyumba. Mjukuu wangu ameiona kwa simu."

Mjukuu aliona ya Marekani. Nilikaa na mzee tukaitafuta pamoja, na kweli ukiandika kwa Google maneno ya serikali kusaidia kurepea nyumba iliyoharibiwa na dhoruba, ukurasa mzima unajaa mambo ya huko. Wana shirika la serikali linaitwa FEMA, rais akishatangaza janga kwa eneo lenu unaomba onlaini ama kwa simu, kawaida mna siku 60 tangu litangazwe, inspekta anakuja kuangalia nyumba, na kama una bima wanataka kwanza kujua bima imelipa nini kwa sababu hawalipi kitu kimoja mara mbili. Halafu kuna wizara yao ya kilimo, hiyo inaangalia watu wa mashambani wenye kipato cha chini kabisa: ukiwa umefikisha miaka 62 na mkopo huwezi kulipa, unaweza kupewa granti ya kurepea nyumba hadi dola 10,000, na ukiuza hiyo nyumba kabla miaka mitatu haijaisha unairudisha. Mzee alisikiza yote hayo kwa makini sana halafu akauliza kama mtu wa Lugari anaweza kuaplai. Hapana mzee.

Lakini kuna kitu kimoja cha huko kilinikaa kichwani hata baada ya mzee kuenda. Ukinyimwa na hao FEMA unaletewa barua inasema umenyimwa kwa nini, na una siku 60 za kukata rufaa, na mara nyingi shida ni karatasi moja tu ilikosekana, ukiipeleka mambo yanasonga. Huku kwetu hunyimwi. Hakuna mtu hata mmoja atakuambia hapana. Unaambiwa "tutaangalia", jina lako liko mahali ama haliko, na sasa rufaa utakata juu ya nini?

Kwa hivyo huku kitu cha kutafuta ni listi. Hiyo niliijua vizuri kupitia senje yangu, dada ya baba, aliolewa kule upande wa Matete na sasa ni mjane. Upepo ulimpata jioni, ile saa yetu ya kawaida. Mnajua vile huku hukuwa: asubuhi jua kali mpaka unaanika mahindi bila wasiwasi, saa nane mawingu yanaanza kujipanga, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inakutana na upepo wa kutoka mashariki juu ya hii milima yetu, na ikifika saa kumi kimeumana. Ni hiyo hiyo mashine inawapiga watu wa Nandi Hills na Kericho na mvua ya mawe mpaka wanajulikana dunia nzima. Kwa senje upepo uliingia chini ya veranda, ukainua paa kutoka mbele, na mabati mengine tukayaokota katikati ya mahindi ya jirani. Usiku mvua ikanyesha juu ya ukuta wa udongo usio na paa na upande mmoja ukalala chini.

Asubuhi majirani wakaja wakaanza kufanya kile kila mtu hufanya, kuokota, kufagia, kunyoosha mabati na nyundo ili mama wa watu apate mahali pa kujificha. Binamu yangu akawasimamisha. Huyu msichana ana akili. Akasema picha kwanza, halafu ndio mguse kitu. Akapiga nyumba pande zote, akaingia ndani akapiga mbao zilizovunjika, godoro, magunia ya mahindi yaliyolowa, mabati kule shambani, na mwisho akamsimamisha senje mbele ya mlango wake ameshika kitambulisho. Senje alikataa kidogo, akasema hajachana nywele. Lakini ni hiyo picha ndio ilifanya kazi kuliko zingine, kwa sababu ofisa wa serikali simu yake imejaa picha za nyumba hazina paa, zote zinafanana, hajui ni ya nani na iko kijiji gani. Ukiwa na mtu, uso na kitambulisho ndani ya picha moja hakuna swali.

Sasa listi yenyewe. Ile ya kwanza kabisa huandikwa na mzee wa kijiji kwa daftari ya kawaida ya shule, akizunguka kwa miguu, mara nyingi siku hiyo hiyo ama kesho yake. Kutoka kwake inaenda kwa asistenti chifu, kwa chifu, kwa ACC (msaidizi wa kamishna wa kaunti), halafu inafika kwa DCC (naibu wa kamishna) kule Lumakanda, na kila mahali inapopita inakuwa fupi, majina yanageuka namba, "lokesheni fulani, familia kadhaa". Kama hauko kwa daftari ya mzee wa kijiji, huko juu wewe haujawahi kunyeshewa. Na kuna watu wanakosa kwa sababu ya kushangaza sana: paa limeenda, wamechukua watoto wakaenda kulala kwa shemeji, mzee wa kijiji akapita akapata boma iko kimya akaendelea na njia. Hata kama mnahama, acheni mtu mmoja mzima hapo nyumbani mpaka muandikwe. Na ukimpata mzee akiandika, mwambie kwa heshima akusomee vile ameandika, jina kama lilivyo kwa kitambulisho na namba ya simu yenye inaenda. Nimeona mama anaitwa kuchukua blanketi kwa namba ya marehemu mume wake.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawashiki ni kwamba serikali ni mbili na daftari ni mbili. Chifu mpaka DCC ni serikali kuu. Kaunti ina watu wake, kuna wadi admini, kuna sabukaunti admini, kuna idara inayoshughulikia majanga, na kuna MCA, mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti. Msidhani hao watu wanapeana majina. Senje alikaa akijua ameandikwa, na ni kweli aliandikwa kwa chifu, lakini watu wa kaunti walipokuja na lori lao listi yao ilikuwa ingine kabisa na yeye hakuwa ndani. Tulienda kwa wadi admini na zile picha na barua ya kuomba ndio akaongezwa. Kwa hivyo usiulize tu kama umeandikwa, uliza umeandikwa wapi.

Na kila ofisi ina kitu chake inaweza kutoa, ukiomba kile haina unapoteza nauli. Njia ya chifu na DCC kawaida inaleta chakula cha msaada, blanketi, na wakati mwingine mabati yakiwa yako stoo ya serikali. Pesa taslimu ya kujenga, sahau. Najua mtasema mwaka wa 2024 watu walipewa. Mafuriko ya mwaka huo yaliua karibu watu 300 nchi nzima, wale wa Mai Mahiu walibebwa na maji usiku wa kuamkia tarehe 29 mwezi wa nne, na baadaye rais akasema familia zinazotolewa kando ya mito kule Nairobi zipewe shilingi 10,000 kila moja. Hiyo ilikuwa tangazo la janga moja, ya kumsaidia mtu ahame atafute pa kukaa. Si sheria, na paa lako likienda leo hakuna 10,000 inayokungoja mahali. Wengine pia wananitajia Solai ya 2018, ati si wale watu walikuwa wanadai kulipwa. Ndio, lakini kule lilipasuka bwawa la shamba la mtu binafsi, kwa hivyo kulikuwa na mtu wa kudai. Upepo utaushtaki wapi?

Halafu kuna NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa konstituensi, hii inaletaga uchungu mwingi bure. Sheria yake inasema asilimia 5 ya pesa iwekwe kando kwa mambo ya dharura kwa konstituensi, watu wakisikia hivyo wanakimbia kwa ofisi ya mbunge na picha zao. Lakini hiyo hela ni ya miradi ya jamii, haiwezi kujenga nyumba ya mtu mmoja. Ndio maana upepo ule ule uking'oa paa la shule ya msingi na la kwako, ya shule inarudishwa na wewe unabaki na turubai. Mbunge anaweza kukuletea mabati, sikatai, wanaleta, lakini hapo anatoa kwa mfuko wake ama kwa marafiki zake na anajua kwa nini anatoa. MCA vile vile. Chukua mabati, sema asante, kura ni siri.

Hela ambayo watu hawaijui, na mimi naona ndio ingefaa kuulizwa kwa sauti, iko kwa kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuanzisha mfuko wa dharura, bunge la kaunti likikubali, na waziri wa fedha wa kaunti ndiye anautoa. Na imeandikwa kabisa kwamba ni ya jambo la haraka ambalo halikutarajiwa, linalotishia maisha ama hali ya watu, ili kupunguza hasara na mateso. Kiwango cha juu kwa mwaka ni asilimia 2 ya mapato ya kaunti kulingana na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Asilimia 2 inasikika kidogo lakini kwa kaunti inayoshika mabilioni, hiyo ni mabati mengi sana jameni.

Shida ni kalenda. Mwaka wa serikali unaisha tarehe 30 mwezi wa sita. Mvua kubwa inatupiga mwezi wa nne na wa tano, wakati huo mfuko wa kaunti uko kama stoo ya mahindi mwezi wa sita, umebaki vumbi na panya. Mtu wa kaunti akikuambia hakuna pesa pengine hata hakudanganyi. Lakini hiyo mvua si mgeni, inakuja kila mwaka miezi ile ile, sasa "haikutarajiwa" ni nani hakuitarajia? Makadirio ya bajeti ya mwaka unaofuata yanafaa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 mwezi wa nne, na kabla yapitishwe lazima wananchi waulizwe. Vile vikao huwa tunaachia wazee wawili na vijana wanaofuata soda. Mimi ningesema mwaka huu mtu asimame aulize swali moja tu, mfuko wa dharura una ngapi na mwaka jana ulitumika wapi, halafu akae chini.

Na ukiona aibu kusimama, andika. Kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, ofisi ya umma ikipata ombi lako inafaa ikujibu ndani ya siku 21, na kuuliza hakulipishwi, labda tu gharama ya kopi. Unaweza kuuliza listi ya waliopewa mabati wadi yenu ilipangwa vipi. Wakikaa kimya unapeleka malalamishi kwa ile Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita Ombudsman. Nimechapia watu barua kama hizo. Siwezi sema zote zilijibiwa, lakini barua yenye imetaja sheria kwa jina na mwaka hupokelewa na mikono miwili.

Red Cross nao wasisahaulike, si serikali lakini mara nyingi wanafika kabla ya lori la serikali. Namba yao ni 1199, haikatwi kredo. Wanaleta turubai, blanketi, sufuria, neti, na wakati mwingine wametuma pesa kwa M-Pesa janga likiwa kubwa. Ukipiga simu taja kijiji, wadi, na ni nyumba ngapi zimeumia, kwa sababu nyumba kumi zinawasukuma haraka kuliko moja. Ndio maana nawaambia majirani mpige picha na kuandika pamoja, mambo ya kila mtu kuenda kimya kimya ili awe wa kwanza inaumiza nyote.

Sasa barua, kwa sababu fomu haiko barua ndio fomu yako. Ukurasa mmoja, usiandike historia ya maisha. Iende kwa DCC kupitia kwa chifu, na nakala kwa wadi admini, kwa MCA na kwa tawi la Red Cross. Sema tarehe na saa ya upepo, kijiji, sablokesheni, watu wangapi wanalala hapo na kama kuna mzee, mtoto mchanga, mgonjwa ama mlemavu. Halafu omba vitu kwa majina, si "msaada wowote". Ita fundi akupimie, aandike mabati mangapi ya futi ngapi, mbao, misumari, kofia za kufunika juu ya paa, kisha uende hadiwea wakupe bei kwa karatasi yenye stampu. Ofisa anaposoma "mabati 24 na kofia 6" anaweza kuandika hapo chini "apewe 15", lakini akisoma "naomba serikali inikumbuke" ataandika nini? Ile nakala yako ipigwe stampu ya kupokelewa na tarehe, usitoke kwa hiyo ofisi bila stampu hata kama karani amenuna.

Watu huogopa wakisikia karatasi kwa sababu ya title ya shamba. Huku kwetu mashamba mengi bado yako kwa jina la kuka, yaani babu, aliyekufa zamani, ndugu hawajamaliza saksesheni ya urithi, na mtu anafikiri hawezi kuomba. Kwa mabati na blanketi hakuna mtu aliwahi kutuuliza title, kitambulisho na barua ya chifu ya kusema unaishi hapo imetosha. Na hiyo barua ya chifu haiuzwi. Najua mnanielewa.

Wakati tuko hapo kwa pesa. Ukiona linki kwa WhatsApp iko na ile nembo ya serikali, inakuambia ujiandikishe upate elfu kadhaa za mafuriko, na ukifika katikati inataka utume 300 ya rejista ama PIN ya M-Pesa, funga. Nimeona watu wazima wamekaa kwa hii kompyuta yangu wakibishana na mimi kwamba ni ya kweli kwa sababu imetumwa na pasta. Hakuna listi ya serikali ya msaada inayolipiwa kuingia. Hata yule kijana mtanashati anayesema ana mtu wake kule ofisini, muulize huyo mtu anaitwa nani uone vile simu yake inaanza kulia.

Kuna mtu ataniuliza na ile housing levy tunakatwa je. Nakatwa pia, binti yangu mkubwa anakatwa, asilimia 1.5 ya mshahara kabla hata haujaugusa. Hiyo inajenga nyumba mpya, zile za ghorofa mnaziona zikipanda mijini. Paa la senje haliko kwa hiyo hesabu na mimi naona hapo kuna maneno ya kuzungumzwa, lakini hiyo ni siku ingine.

Senje mwishowe alipata. Blanketi na turubai zilikuja mapema, mabati ya kaunti yalikuja mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, na yalitosha vyumba viwili. Zingine watoto walichanga kwa grupu ya familia, kukawa na matusi kidogo kama kawaida ya hizo grupu, pesa ikafika. Kilichonifurahisha ni fundi aliyemshikilia, mzee wa Turbo, alikataa kurudisha paa vile lilikuwa. Alituonyesha lile la zamani lilikuwa limewekewa misumari kwa bonde la bati badala ya mgongo, raba hakuna, na mbao ya juu ya ukuta ilikuwa imewekwa tu hapo, haijafungwa na kitu. Upepo haukuhitaji hata nguvu. Safari hii alifunga mbao na utepe wa chuma ulioshuka chini kwenye nguzo, akafupisha veranda, na akatushauri tukinunua yetu tuchukue geji 30 tuachane na 32, kwa sababu namba ikiwa kubwa bati ni jepesi. Yale ya msaada yalikuwa 32. Akayaweka upande wa nyuma, mbali na upande upepo unatokea, na yale yaliyojikunja akafunikia jiko.

Basi. Mwenye paa limeenda aje na picha kwa simu, kitambulisho, na karatasi ya fundi. Barua nitakuchapia bure, na nakala ya MCA nitakuandikia na heshima zake zote. Kuprinti utalipa, kwa sababu wino wenyewe siku hizi Eldoret umepanda bei.